Kanzu ya Ijumaa: kuvaa nguo kwa wepesi ukiishi na ugonjwa wa Parkinson

Baba yangu mkubwa anaishi Ujiji, hapa Kigoma, karibu na ile miembe mikubwa. Alifanya kazi reli miaka mingi, na asubuhi zote za miaka hiyo alifunga vifungo vya sare yake bila kuvitazama, huku anaongea, mara nyingine gizani. Siku hizi shati moja linamla karibu nusu saa. Ijumaa moja mwaka jana alikaa ukingoni mwa kitanda, mkono mmoja ndani ya kanzu na mwingine nje, mpaka adhana ya adhuhuri ikampita. Mkwewe, mke wa mwanawe, alikuwa amesimama nyuma ya mlango, anasikia, na hawezi kuingia. Wajukuu wakasema, "Babu anadeka. Jana si alivaa mwenyewe?"

Swali la wale watoto ndilo lililonikalisha niandike. Kweli, jana aliweza na leo hawezi. Kifungo kilichomshinda saa moja asubuhi atakifunga saa nne bila taabu. Asiyeujua ugonjwa huu ataona uvivu, au ukaidi wa uzee, au atanong'ona kwamba kuna mkono wa mtu. Nimeyasikia yote matatu kwenye familia yetu, na yote matatu yalimuumiza mzee kuliko ugonjwa wenyewe.

Chini kabisa katikati ya ubongo kuna sehemu ndogo yenye seli za rangi nyeusi zinazotengeneza kemikali iitwayo dopamini. Hiyo ndiyo inayouwezesha mwili kufanya mambo ya mazoea bila kuyafikiria: kutembea huku mikono ikipunga, kujigeuza kitandani, kufunga kifungo. Kwa mwenye Parkinson seli hizo hufa kidogo kidogo kwa miaka, na mpaka dalili zionekane, sehemu kubwa imeshakwenda. Daktari James Parkinson wa London aliuandikia maelezo marefu mwaka 1817, na jina lake likabaki. Si ugonjwa wa watu wachache: Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu zaidi ya milioni 8.5 walikuwa wanaishi nao. Hapa nchini, utafiti wa nyumba kwa nyumba uliofanyika wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, na matokeo yake kuchapishwa mwaka 2008, ulikuta kwamba wengi wa waliokuwa nao hawakuwa wamewahi kuambiwa na mtaalamu yeyote wanaumwa nini. Hauambukizi, wala haurogwi.

Wengi tunaujua kwa kutetemeka. Watu wa rika langu waliuona kwa Muhammad Ali, pale Atlanta mwaka 1996, alipowasha mwenge wa Olimpiki mkono ukimtetemeka mbele ya dunia nzima. Kwa hiyo tunapomwona mzee anashindwa na kifungo tunasema ni kwa sababu anatetemeka. Mara nyingi sivyo. Mtetemeko wa Parkinson huja zaidi mkono ukiwa umetulia mapajani, na ukinyooshwa kushika kitu mara nyingi hupungua. Kinachomshinda ni kingine: mwendo wake umekuwa wa polepole, na tena umekuwa mdogo. Mwambie afumbe na kufumbua vidole mara kumi. Mara ya kwanza vitafumbuka vizuri, ya nne vitafika nusu, ya nane vinajongea tu. Ndiyo maana hata mwandiko wao husinyaa, herufi za mwisho wa mstari zikawa kama chungu wanaotembea. Sasa fikiria kifungo: mkono mmoja unashika tundu, mwingine unashika kifungo, mmoja unasukuma, mwingine unavuta, vidole vinabadilishana katikati. Ni miendo midogo mitano au sita, mikono miwili ikifanya kazi tofauti kwa wakati mmoja. Sijui nguo nyingine inayodai mengi hivyo kwa kitu kidogo hivyo.

Juu ya hapo misuli hukakamaa. Bega linakataa kwenda nyuma kuutafuta mkono wa pili wa shati. Na kuna mizani ya mwili, ile inayotuwezesha kusimama kwa mguu mmoja tukivaa suruali. Hiyo nayo hupungua, na watu wengi huanguka hapo.

Namna nzuri ya kulieleza jambo hili niliipata kwa mzee mwenyewe, kwa lugha yake ya kazi. Kutoka Tabora kuja Kigoma kuna reli na kuna barabara. Kwenye treni unalala, unashtukia uko Uvinza, njia anaijua dereva. Mambo ya mazoea husafiri hivyo ndani ya mwili. Parkinson inang'oa reli. Lakini barabara bado ipo: ile njia ya kufanya jambo kwa kukusudia, hatua moja baada ya nyingine, macho wazi, kama mtu anayejifunza kuvaa leo. Ni ndefu, inachosha, na humo huwezi kulala. Ila inafika. Karibu kila ushauri wa maana kuhusu kuvaa nguo ni ama kumpunguzia mtu safari, ama kumsaidia apite barabarani bila kugongana na vitu.

Kwa nini jana aliweza

Dawa inayotumika zaidi ni levodopa, ambayo ikifika ubongoni hugeuka kuwa dopamini. Ndani ya kidonge kilekile mara nyingi huwamo karbidopa, kazi yake kuizuia levodopa isiishie njiani kabla ya kufika. Kwa kawaida huchukua kati ya nusu saa na saa nzima kuanza kufanya kazi, halafu baada ya saa kadhaa nguvu yake hushuka. Miaka ikienda, kupanda na kushuka huko kunakuwa kukali zaidi. Ndiyo siri ya "jana aliweza": huyo ni mtu mmoja, lakini kuna saa ana dawa mwilini na kuna saa hana.

Na hapa Kigoma kuna jambo la pili, nalo ni dagaa. Levodopa ni ya ukoo mmoja na vitu vinavyotokana na protini tunapoiyeyusha tumboni. Hupita milango ileile, ukutani mwa utumbo na tena mlangoni mwa ubongo. Ukimeza kidonge pamoja na sahani ya dagaa, au migebuka, au maharage, vinasongamana mlangoni na dawa inachelewa au inaingia kidogo. Kwa hiyo kidonge kinywewe kwa maji kama nusu saa kabla ya chakula, au saa moja na zaidi baada yake. Kama kinamletea kichefuchefu, kipande cha muhogo au biskuti kavu hakina ugomvi na dawa. Simaanishi mzee aache samaki. Mzee anayekosa protini anakonda na kuishiwa nguvu, na huko ndiko kuanguka. Ni kuvitenganisha tu, na ratiba yake mkubaliane na daktari. Dawa yenyewe asiiache ghafla kwa sababu yoyote, kwani kuikata mara moja kuna hatari kubwa.

Baba mkubwa alikuwa anavaa kwanza, kisha anakula kiporo cha ugali kwa migebuka, kisha anameza kidonge. Mambo matatu, na yote yamepinduka. Sasa kidonge kinakuja mwanzo, mara baada ya sala ya alfajiri. Anakaa na msuli wake, anakunywa chai kwa muhogo wa kuchemsha, anasikiliza taarifa ya habari. Ikikaribia saa moja tangu ameze, ndipo anaanza kuvaa. Samaki wanangoja mpaka baadaye. Hatukununua chochote, na ndilo badiliko lililomsaidia kuliko yote nitakayoyataja hapa chini.

Kuna watakaokuambia habari ya upupu. Ni kweli, mbegu za upupu, uleule unaowawasha watoto vichakani, zina levodopa ya asili. Lakini nyumbani huwezi kupima kiasi chake, na ukiuchanganya na vidonge unaweza kuzidisha. Usimpe mzee kabla ya kuzungumza na daktari wake.

Kiti, mpangilio, na bismillah

Akiamka, akae kwanza ukingoni mwa kitanda dakika chache. Ugonjwa huu, na dawa zake pia, vinaweza kushusha presha ya damu mtu anaposimama ghafla, akaona giza. Kisha ahamie kwenye kiti chenye mgongo na mikono, kilichoegemezwa ukutani. Kigoda hakifai kwa kukaa, ni cha chini mno na kuinuka kwake ni vita. Kinafaa kwa kukanyagia: mguu mmoja juu ya kigoda, na mguu wa suruali unakuja wenyewe karibu na mkono. Kuvaa suruali mtu amesimama, hata akijiona ana nguvu siku hiyo, mimi ningekuzuia kabisa nyumbani kwangu.

Nguo zipangwe kwa zamu ya kuvaliwa, ya kwanza ikiwa juu. Zipu zifunguliwe kabla, vifungo vilivyozidi vifunguliwe kabla. Redio izimwe wakati wa kuvaa na maneno yapungue, maana barabara ile ya kukusudia ina njia moja tu, na kila swali unalomuuliza mzee katikati ya mkono wa shati linamsimamisha. Upande ulio mgumu zaidi huingia kwanza na hutoka mwisho. Kwa mzee wetu ni kulia: mkono wa kulia ndani ya nguo ukiwa na nafasi yote, kisha wa kushoto wenye afadhali ujitafutie.

Kanzu ilitupa shida kwa sababu haifunguki mbele. Tuliijaribu kwa namna nyingi, na hii ndiyo iliyokaa. Ameketi, kanzu imelazwa mapajani, mgongo wake ukitazama juu, shingo ya kanzu upande wa magoti, pindo upande wa tumbo. Anaingiza mkono wa kulia kwa kupitia pindoni mpaka kiganja kitokee, anaupandisha mkono wa nguo mpaka upite kiwiko. Halafu wa kushoto vivyo hivyo. Sasa anaikusanya nguo ya mgongo kwa viganja, kama mtu anayekusanya soksi, anainamisha kichwa na kukiingiza, na hapo ndipo anapojinyoosha. Haiinui mikono juu ya kichwa muda mrefu. Mwisho anasimama, kanzu inajishukia yenyewe kwa uzito wake.

Mkono ukigoma katikati, na hugoma, asilazimishe. Kuna kuganda kunakowapata wenye Parkinson, mguu mlangoni au mkono ndani ya nguo, mwili ukakataa amri kama umepigwa msumari. Kuvuta kwa nguvu huongeza mgando. Anaacha, anapumua, anahesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu, na kwenye tatu anasukuma. Kuhesabu kunasaidia kwa sababu amri inakuja kutoka nje ya ile njia iliyoharibika: sikio linasikia, mkono unafuata. Mzee hahesabu. Yeye husema bismillah, taratibu, na kwenye silabi ya mwisho mkono huondoka. Kila mtu atapata neno lake.

Kusimama nako kuna utaratibu: ajongee mbele ya kiti, miguu airudishe nyuma kidogo chini ya magoti, aegemee mbele mpaka pua ipite vidole vya miguu, ndipo ainuke. Anayejaribu kuinuka wima anarudi kitini kila mara.

Fundi cherehani

Katika nchi tajiri kuna maduka yanayouza nguo za wagonjwa hawa. Sisi tuna kitu ambacho mimi nakiona bora: fundi cherehani aliye hatua chache kutoka nyumbani, unayeweza kukaa naye ukamwonyesha. Wetu yuko Mwanga ya hapa Kigoma, karibu na soko. Mara ya kwanza hakuelewa tunachotaka, mpaka tulipomwambia ajifungie kifungo cha mwenyewe akiwa amevaa glovu za kazi.

Kwa mashati alifanya hivi. Alivitoa vifungo vyote, akayashona matundu yakaziba, kisha akavirudisha vifungo juu ya matundu yale, viwe pambo. Nyuma yake, baina ya pande mbili za shati, akashona vipande vya ule utepe wa kunata unaolia ukiubandua, kama wa viatu vya watoto wa shule. Ukimwona mzee msikitini huwezi kujua. Vipande viwe vifupi, kila kimoja cha urefu wa kidole, si utepe mmoja kuanzia juu mpaka chini, kwa sababu utepe mrefu ukikosea kidogo juu unakosea wote. Na kabla ya kufua uubandike, la sivyo unakamata nyuzi za nguo nyingine na uchafu, na baada ya muda haunati tena.

Kwenye kanzu alirefusha mpasuo wa kifuani na kupanua makwapa. Ndani ya mikono akaweka bitana ya kitambaa laini kinachoteleza. Hiyo bitana tulidhani ni mapambo tu. Kumbe kazi yake ni kubwa: pamba juu ya ngozi yenye jasho la Kigoma hukwama, bitana haikwami.

Kwa wanawake tatizo ni fundo. Kina mama wetu wanavaa vitenge vinavyovuka ziwa kutoka Kongo, na kitenge kipya kina wanga, kigumu kama karatasi. Kifue mara mbili tatu kabla hujampa mgonjwa. Lakini hata kikilainika, kulikaza fundo kiunoni kunadai vidole vilevile vya kifungo, na fundo lililolegea huishia chini ya miguu. Mama mmoja wa Gungu, jirani wa dada yangu, alianguka hivyo akielekea jikoni, na baada ya hapo akakataa kutoka nje kwa sababu aliona aibu kuvaa "kama mtoto". Kilichomrudisha nje ni kitenge kilekile, kimeshonwa sketi pana ya lastiki, kipande kimoja kimeachwa kikining'inia mbele ili kionekane kimefungwa. Wanaomjua wanamsifia kwa jinsi kitenge chake kinavyokaa.

Dera ni zuri kwa kuwa ni pana, ila pindo likatwe liishie juu ya kifundo cha mguu. Ushungi uwe wa kuvutia kichwani, usiohitaji pini. Sidiria ya kufunga nyuma iachwe, ibadilishwe kwa inayofunguka mbele au kwa fulana ya ndani inayobana kiasi. Suruali ziwe za lastiki, si kwa urahisi wa kuvaa tu. Parkinson humletea mtu haja ya ghafla, na mkanda wenye tundu dogo unaweza kumfedhehesha njiani kwenda chooni. Zipu isiyoepukika ifungwe kitanzi cha utepe kinachoingia kidole kizima.

Kwa anayetaka kubaki na vifungo vyake, na wapo, tena nawaheshimu kwa hilo, kuna kifaa kidogo ambacho fundi baiskeli anaweza kukutengenezea kwa spoku ya zamani. Aikunje katikati iwe kitanzi chembamba kama jani refu, ncha zote mbili azikaze ndani ya mpini mnene wa mti, unaojaa kiganjani. Unakipitisha kitanzi kwenye tundu kutoka nje, unakiingiza kifungo ndani ya kitanzi, unavuta, kifungo kinakuja chenyewe. Mkono mzima ndio unaofanya kazi badala ya ncha za vidole. Hakikisha hakuna ncha inayochoma.

Viatu: kandambili ziachwe. Mtu anayeburuza miguu anahitaji kiatu kinachoshika kisigino, na katambuga zenye mkanda wa nyuma zinafaa kuliko wengi wanavyodhani, mradi zisiwe nzito.

Aliye nyuma ya mlango

Nimemtaja mkwe mwanzoni na sikumsahau. Kwetu baba hawezi kuvuliwa nguo na mke wa mwanawe, wala na binti yake, na hakuna anayetaka liwe vinginevyo. Lakini ndio walio nyumbani asubuhi, mke wa mzee ameshatangulia mbele ya haki, na vijana wako kazini. Kwa hiyo kila alichoshindwa mzee kilibaki kimeshindikana. Aliniambia siku moja, kwa ile sauti yake iliyopungua, "Bora nikae na msuli wiki nzima." Akakaa kweli. Wiki ile hakuna aliyemwona nje, na watu wakasema amezidiwa.

Jambo hili lizungumzwe wazi kwenye kikao cha familia, mapema, mgonjwa mwenyewe akiwepo. Nani ataingia siku ya shida? Kwetu tulimchagua mjukuu wa kiume wa miaka kumi na sita, akafundishwa kushika nguo, si kumshika babu: anaishikilia kanzu wazi, babu anaingia. Mkwe naye anafanya yote yasiyohitaji kuingia. Anapanga nguo, anafungua zipu, anamwita kwa mbali, "Baba, bado?" na jibu likiwa "Bado, mama," anakwenda zake bila neno la pili. Hilo la kwenda zake ndilo gumu. Kumvisha mtu kunachukua dakika nne, na kumngoja avae kunachukua ishirini na tano, na nyumba ina kazi. Hata hivyo kila unapomvisha mtu anayeweza, mikono yake inapoteza siku moja ya mazoezi.

Uso wake usikudanganye pia. Misuli ya uso hukakamaa kama ya bega, akaonekana amenuna. Mkwe alidhani kwa miezi kwamba mzee amemchukia.

Ukifika hospitali ya rufaa, Maweni kwa Kigoma au Kitete kwa walio Tabora, usiishie kwa daktari wa dawa. Uliza habari ya fiziotherapia, yaani tiba ya mazoezi ya viungo, uliza kama kuna mtaalamu wa tiba kwa vitendo, anayemfundisha mgonjwa kazi za kila siku kama kuvaa, na mweleze saa ambazo mgonjwa anashindwa na saa anazoweza. Ziandike siku saba nzima, pamoja na saa za vidonge na za chakula. Karatasi hiyo inamsaidia mtaalamu kuliko "anaendelea hivyohivyo."

Jioni husahaulika. Kuvua nako ni kazi, na mara nyingi hufika wakati dawa ya mchana imeshaisha nguvu, kwa hiyo avue mapema, kabla hajachoka, na mkono wa afadhali utoke kwanza. Nguo ya kulalia isiwe na vifungo, wala isiwe nzito ya kumzuia kujigeuza. Baba mkubwa hulala na msuli na fulana pana. Akishaingia chumbani, mkwewe anabisha hodi mara moja na kuiacha kesho yake kwenye kiti kando ya mlango: kanzu chini kabisa, juu yake fulana safi, juu ya fulana suruali ya lastiki, juu ya zote chupi, na pembeni glasi ya maji yenye kifuniko kwa ajili ya kidonge cha alfajiri.